Amina Niliyomnyima Baba

Nyumbani kwetu, juu milimani, mahali ambapo ukisimama ukingoni mwa shamba unaiona Kihurio imelala chini na mashamba yake ya mpunga, hakuna aliyekula Jumapili kabla ya kujibu. Tukitoka kanisani mama alipakua makande, akayafunika, nasi tukakaa. Baba, aliyekuwa mzee wa kanisa tangu kabla sijazaliwa, alianza na dada yangu mkubwa, akaja kwangu, akamalizia na mdogo wetu wa kiume. Mchungaji amesema nini leo? Ukishajibu, anakuuliza la pili, na hilo ndilo lililokuwa na miba: uliposema Amina, ulikubali nini?

Ukisema hujui, hakukuchapa. Alikaa tu. Sote tulikaa mpaka utafute kichwani mwako kitu ulichokubali. Kwetu ni baridi, na mara nyingine mafuta yaliganda juu ya makande kabla mtu hajajibu. Mdogo wangu alikuwa mjanja. Alikuwa na majibu mawili, kupenda jirani na kutii wazazi, akiyabadilisha wiki hadi wiki, na sahani yake ikawa ya moto daima. Mimi niliamini kwamba swali lile linataka jibu la kweli.

"Amina ni dole gumba," baba alikuwa akisema. "Huweki dole gumba kwenye karatasi usiyoisoma."

Nasimulia haya kwa sababu huku Same mjini, ninakofundisha fizikia sekondari, watu wana maelezo yao tayari kuhusu mtu kama mimi. Elimu imemzidi. Aliumizwa na mwanaume. Mwalimu mwenzangu aliwahi kuniuliza wakati wa chai, chapati mkononi, kama ni vile vitabu vya fizikia vilivyoniondoa kwa Mungu. Nikamwambia fizikia imenifundisha kwa nini sufuria nyembamba inachemka haraka, basi. Nikienda zahanati na kumwomba karani aweke mstari mahali palipoandikwa dini, ananitazama kwa huruma, halafu anaandika Mkristo. Siku hizi simkatazi. Nimechoka kuwaeleza makarani maisha yangu dirishani, na foleni iko nyuma yangu inasikiliza.

Ukweli ni kwamba nilitengenezwa nyumbani. Aliyenifanya nisiamini ni baba, na alinifanya kwa uangalifu mkubwa, Jumapili baada ya Jumapili.

Dada yangu alipata mimba akiwa na miaka kumi na nane, kabla ya ndoa. Kanisani kwetu mwenye kosa la namna hiyo alitengwa. Hakusogea kwenye meza ya Bwana, na alikaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, mpaka Jumapili atakayosimama mbele ya watu wote, alitaje kosa lake kwa kinywa chake na kusema anajuta. Jina la mtu kama huyo lilisomwa na mzee wa kanisa wa mtaa wake. Mzee wa mtaa wetu alikuwa baba. Alisimama akalisoma jina la mwanawe kwa sauti ile ile aliyotangazia msaragambo, ile kazi ya kijiji kizima, wa kuzibua bwawa la kumwagilia, na alipomaliza kulisoma akatangaza msaragambo wenyewe. Aliyempa dada mimba alikuwa mwanakwaya, akiimba besi. Dada aliniambia mimi peke yangu, na mimi nilimtazama mwanaume yule kila Jumapili akifungua mdomo wake mpana kumsifu Mungu, nikashindwa kula.

Mezani baba hakumuuliza dada tena kuhusu mahubiri. Alimuuliza, "Utasimama lini?"

Dada alinyamaza Jumapili nne. Ya tano akasema, "Baba, simjutii mtoto huyu. Nikisimama nikasema najuta, nitakuwa nimedanganya mbele za Mungu. Wewe ndiye uliyetufundisha."

Wiki ile ile dada alishuka Kihurio kwa mama mdogo, akawa anafanya vibarua vya kupanda mpunga, tumbo likiwa limejaa na miguu majini. Mama alimtumia maziwa mara mbili kwa watu waliokuwa wakishuka gulioni, kwa siri. Kisha ikaja habari kwamba amefia kwenye uzazi, yeye na mtoto.

Kengele ya kanisa letu ni kipande cha reli ambacho wanaume wa zamani walikibeba kutoka tambarare na kukitundika kwa mnyororo. Akifa muumini hugongwa polepole, pigo moja, kimya, pigo moja, na watu waliotawanyika mashambani kwenye miteremko yote wanasimamisha majembe na kuulizana ni nani. Mtu aliyetengwa hagongewi. Mchungaji haji na joho lake, na haimbwi wimbo kaburini.

Dada alipoletwa, pikapu iliishia pale barabara inapoishia, akamaliziwa safari kwa mabega ya watu. Wazee wa kanisa wakakutana sebuleni kwetu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nimekaa mlangoni na kinu cha mahindi ambayo sikuwa nayatwanga. Nilisikia yote. Mchungaji alisema atafuata neno la wazee. Wazee wakasema, na nakumbuka sauti zao zilivyokuwa laini, kwamba wao watafuata neno la mfiwa. Maana yake walikuwa wanamfungulia mlango. Walimtaka aseme neno moja tu, agongewe, na wote wangenyanyuka na kwenda kuigonga ile reli kwa furaha ya kuondokewa na aibu.

Baba alisema, "Hakusimama."

Tukamzika hivyo hivyo. Ilisikika mitarimbo na udongo, basi. Mama alianzisha wimbo, peke yake, sauti imekauka. Baba akamwekea mkono begani, wala si kwa nguvu, na mama akanyamaza katikati ya mstari.

Msidhani niliacha kuamini siku ile. Ingekuwa hivyo, ningekuwa na hadithi fupi na safi ya kuwasimulia makarani. Niliamini zaidi, kwa hofu. Miaka miwili niliomba kitu kimoja, nionyeshwe dada yuko wapi. Sikuomba atolewe, nilijua mipaka yangu. Nilitaka kujua tu. Niliomba nikichota maji, niliomba nikikata majani ya ng'ombe, na kwa sababu nilikuwa nimelelewa kusikiliza, nilisikiliza kweli. Hakukuwa na kitu.

Kisha nikafika kipaimara. Tulisimama mstari mmoja, magauni meupe, na mchungaji akauliza kama tunaamini. Nilitafuta kichwani mwangu nilichokubali, kama nilivyofundishwa, nikapekua kila pembe, nikakosa hata punje. Wenzangu wakajibu kwa pamoja. Mimi nilichezesha midomo. Mchana ule baba aliniuliza swali lake, mbele ya wageni, nikamwambia nimekubali yote. Ulikuwa uongo wangu wa kwanza kwake. Akafurahi, akaniongezea makande kwa mkono wake mwenyewe. Yalikuwa ya moto. Ndipo nikajua mdogo wangu alikuwa anakulaje miaka yote ile.

Baada ya hapo imani yangu ilikauka kama mfereji uliofungwa huko juu: unyevu unabaki siku kadhaa, halafu unaona udongo. Nilipofika miaka thelathini, nina kazi na nyumba ya kupanga Same, nilipanda kumweleza baba. Nilimkuta zizini. Nikamwambia siamini tena na nikisema Amina nitakuwa nadanganya. Aliendelea kukamua mpaka ndoo ikajaa povu. "Basi usiiseme," akajibu, akanipa ile ndoo niipeleke ndani.

Nina hasira, sitaificha. Wanaoamini wana nafuu moja wasiyoijua: wakifiwa wanaweza kumnung'unikia Mungu. Mimi siwezi kumkasirikia asiyekuwepo. Hasira yangu yote imebaki kwa mzee mmoja aliyekonda, na ndiyo hasara ya kutokuamini ambayo sijamsikia mtu akiitaja.

Mama alishafariki. Aligongewa vizuri, kila mtu alisifu. Baba amevuka themanini na kumbukumbu zake zinamtoka. Siku za wiki jirani anamwangalia, Jumamosi mimi napanda. Namsalimu shikamoo, anaitikia marahaba, halafu ananiuliza mimi ni wa nani. Daktari alisema moyo umechoka, na vile vidonge vyake lazima avinywe na chakula, asiruke mlo. Kanisani hafiki tena, kwa hiyo Jumapili ibada anaiendesha mwenyewe pale mezani. Anaomba, anamaliza, anasubiri Amina yangu. Nanyamaza. Anashusha pumzi, anaitikia mwenyewe, ndipo tunakula. Miezi mingi imekwenda hivyo.

Mdogo wangu yuko Arusha, naye sasa ni mzee wa kanisa. Anatuma mablanketi. Alinipigia simu akasema, "Dada, mzee anaondoka huyu. Sema tu Amina, itakugharimu nini?" Tulilelewa meza moja, tukala chungu kimoja. Yeye alijifunza kwamba neno lile halina gharama, akawa muumini. Mimi nilijifunza kwamba lina gharama, nikawa hivi nilivyo. Nilimkatia simu.

Jumapili iliyopita reli iligongwa kule kilimani kuita watu ibadani, na baba akainua kichwa. Mchana nikapakua makande niliyoyachemsha mpaka yakalainika, maana meno yake yamebaki machache, nikaweka vidonge pembeni ya sahani. Akafumba macho. Aliombea mvua. Aliombea ng'ombe aliowauza zamani. Akamwombea mama kama vile yuko jikoni. Kisha akasema, "Na binti yangu mkubwa yuko kule Kihurio. Mlinde na homa za tambarare. Mrudishe nyumbani, Bwana."

Akanigeuzia sikio.

Tangu tumzike dada sijawahi kumsikia akimwombea. Neno lilipanda lenyewe kooni, sikulisukuma. Nilikubaliana na kila alichosema. Alitaka arudi, na mimi nilitaka arudi, na kama hapakuwa na mwingine wa kusikia, sisi wawili tulikuwa tumesikia. Lakini mimi ni mtoto wake. Siweki dole gumba kwenye karatasi nisiyoisoma.

"Akirudi, baba, atakaa wapi?"

Alifumbua macho akanitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyesinzia kanisani. "Benchi la nyuma," akasema. "Mpaka asimame."

Neno likashuka lilikotoka. Baba alisubiri, na safari hii hakuitikia mwenyewe. Nadhani lile swali langu lilimrudisha kwenye Jumapili zake za zamani, maana mgongo wake ulinyooka na sauti ikakaza.

"Umekubali nini?"

"Sijakubali, baba."

"Basi tutakaa."

Tukakaa. Mkono wake ulikuwa juu ya meza, karibu na kijiko, na hakukigusa. Niliviona vidonge. Nilijua kwamba nikisema neno moja atakula, kama vile yeye, mbele ya wazee katika sebule ile ile, alivyotakiwa kusema neno moja, na alikuwa na sababu nzuri kama yangu. Nilimwangalia, naye aliniangalia, na hakuna kati yetu aliyekuwa anadanganya. Mafuta yakaanza kuganda juu ya makande, na mimi sikusema.