Redio ya Bure ya Makongeni

Usiniambie nilikuwa naota. Nimelea watoto saba katika chumba kimoja hapa Makongeni, muda wa kuota mchana nitautoa wapi? Haya niliyaona saa nane, jua linawaka, niko macho kama wewe unayenisikiliza.

Ilikuwa miaka ya tisini. Mwanamke wa kampuni fulani alipita mlango kwa mlango akigawa redio. Bure. Hata betri haikutaka. Alisema kampuni inataka tu kujua watu wa mtaani wanapenda vipindi gani. Akatoa karatasi, nikatia kidole gumba, maana kusoma sikusoma. Tena nikamshukuru! Nikaifumia redio kitambaa, nikaiweka juu ya kabati.

Sasa sikia ujinga wangu. Kuta za nyumba hizi ni nyembamba; jirani akikohoa, wewe unamwambia pole. Kwa hivyo ukiwa na siri unafungulia redio kwa sauti, halafu unanong'ona karibu nayo. Na siri nilikuwa nayo. Binti yangu Mwende alikuwa amemkimbia mume aliyemvunja mkono, akaja na mtoto wake kujificha nyuma ya pazia langu. Yote tuliyapanga hapo, midomo karibu iguse redio.

Ijumaa moja yule mwanamke akarudi. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, tope hadi kwenye vifundo, lakini viatu vyake vilikuwa vyeupe pe. Nikampa chai kwanza. Kwetu mgeni haulizwi shida yake kabla ya chai. Hakuigusa.

"Mama, namalizia fomu," akasema. "Mwende analala upande wa ukuta au wa mlango?"

"Mwende gani?"

Akafungua kinywa. Midomo haikucheza, niamini. Ikatoka sauti ya binti yangu, kilio chake cha juzi: "Mama, akijua niko hapa ataniua." Ikafuata yangu mwenyewe: "Nyamaza, mwanangu, hapa nani atajua?" Na mtoto wa Mwende akakohoa, humo humo kinywani mwa yule mwanamke!

"Kuna mtu anamuulizia," akasema. "Na ulikubali, Mama. Kidole si chako?"

"Kidole changu, shetani wewe, lakini mtoto si wako!"

Nikammwagia chai yote usoni. Iliangukia kiti. Kiti kilikuwa kitupu.

Mwende alikuwa nyuma ya pazia, amesikia kila kitu. Nikamwambia, "Toka sasa hivi. Na usiniambie unakoenda."

Kesho yake asubuhi mume akaja. Hakupiga hodi, hakuuliza neno. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya pazia, upande wa ukuta. Akakuta blanketi tu.

Redio niliiponda kwa mchi, vipande nikavibeba mwenyewe hadi jalala la Dandora. Imesaidia nini? Mwende hanitumii hata barua. Anaiogopa nyumba nilimomzaa. Nani aliwapa ruhusa ya kuuza kilio cha mwanangu? Nani?

Wakija kwako na kitu cha bure na karatasi, waulize wanayoyasikia wanampelekea nani. Wasipojibu, wafungie mlango usoni, hata wakikuita mshamba. Mimi sikuuliza. Nilisikia mjukuu wangu alianza shule, na hadi leo sijui sare yake ilikuwa ya rangi gani.