Alihesabiwa Amehama

Miaka michache iliyopita, kwenye kikao cha wazazi kijijini kwetu, nje ya mji wa Bariadi, mwalimu mkuu alisoma kwamba darasa la tano halikuwa na mtoto hata mmoja aliyeacha shule. Tulipiga makofi. Mimi, kama mzee wa kanisa, niliombwa kufunga kwa sala, nikamshukuru Mungu kwa kuwatunza watoto wote.

Binti wa jirani yangu hakuwa miongoni mwao. Mapema mwaka ule, ukame ulipokaza, baba yake alihamishia ng'ombe Busega, karibu na ziwa, akaondoka na familia nzima. Shule ikaandika kwamba amehama. Aliyehama hahesabiwi kuwa ameacha shule, kwa hiyo hakuna aliyemfuatilia. Hata mimi niliamini anasoma huko.

Mwaka huu nilikwenda Busega kwenye msiba, nikamkuta kwenye majaruba akipandikiza mpunga, mtoto mgongoni.

"Mwadila, guku," alinisalimu kwa Kisukuma, kama mjukuu kwa babu yake.

"Mwadila, mayu," nilimwitikia, nikimwita mama kwa heshima. "Na shule?"

"Shule ya huku walitaka karatasi ya uhamisho. Baba akasema ya nini, mvua ikinyesha tunarudi." Akacheka. "Ng'ombe wakaisha, guku. Nikaolewa, wakapatikana wengine."

Sikuweza kucheka naye.

Niliporudi nilimweleza mwalimu mkuu. Ni mtu mwaminifu, hakuficha kitu.

"Mzee wangu, kwangu alihama. Kule hakuandikishwa, kwa hiyo hawawezi kusema ameacha. Nimwingize wapi?"

Nilimwambia kwamba kanisani muumini akihama tunampa barua, lakini jina lake halitoki kwetu mpaka kanisa linalompokea litujibu kwamba amefika. Jibu likichelewa, tunaulizia.

"Ingefaa iwe hivyo nchi nzima," alisema. "Sasa kila shule inahesabu kivyake."

Namshukuru Mungu kwa mengi, na kusubiri amenifundisha. Ila sala ile ya kikaoni, kila nikiikumbuka, naona aibu mbele zake.

Siku ile kule majarubani, kabla sijaondoka, binti aliniuliza habari za mjukuu wangu, waliyekuwa wakikaa naye dawati moja.

"Amefika darasa la ngapi?"

"Kidato cha pili."

"Kidato cha pili," alirudia taratibu. Akamkaza mtoto mgongoni, akainama tena kwenye mpunga.