Kipa Aliyeitwa kutoka Nyuma ya Goli

Beki wa kati hamwoni kipa wake, anamsikia. Misimu minne nilicheza Shinyanga nikiwa na sauti ya kipa wetu kisogoni: panda, rudi, mwache huyo, mpira wangu! Jumamosi moja ya vumbi sauti ikakatika. Nikageuka kumtukana, maana uwanjani nilikuwa na mdomo mchafu, na kila aliyewahi kucheza nami atawaambia. Nikamkuta ameupa mchezo mgongo. Watu wanapiga kelele, mpira uko kona ya upande wa pili, na yeye ameshika nyavu kwa vidole, anatazama nyuma ya goli ambako hakukuwa na mtu, ukuta tu.

"Oya! Unauza nyanya huko?" nikamfokea.

Akageuka, na uso wake ukanitisha. Sikumwambia mtu yeyote.

Kambini tulilala chumba kimoja, nyumba ya wageni upande wa Ibadakuli. Mimi nilikuwa nahodha. Yeye alikuwa mdogo kwangu kwa miaka saba, mtoto wa mjane wa Chato, akiniita kaka na kuniamkia kila asubuhi hata nilipomkataza. Kesho yake nilichukua chupa yake ya maji ninywe, nikatema ukutani. Gongo. Saa mbili asubuhi, kipa wa ligi!

Nilimkunja shati, nataka nimpeleke kwa kocha. Akaanza kulia. Akasema hanywi kwa starehe, anakunywa ili mtu anayemwita anyamaze. Mtu gani? Hamjui. Ni sauti ya mwanamume, inamwita kwa jina la nyumbani, inamwambia njoo. Mwezi wa tano sasa, na bila gongo hapati usingizi kabisa.

Hapo nilifanya jambo jema, na nalisema mapema kwa sababu huko mbele sina jema jingine la kusema. Nilimpeleka hospitali. Daktari alikuwa mama mmoja mpole lakini asiyependa upuuzi. Alimhoji saa nzima, akasema huo ni ugonjwa kama magonjwa mengine, unatibika, na pombe nayo ni ugonjwa wa pili uliopanda juu ya ule wa kwanza. Akampa vidonge. Kisha akanigeukia mimi.

"Wewe ndiye kaka yake?"

Nikasema ndiyo.

"Basi nakukabidhi wewe. Asiviache hata siku moja bila mimi kusema. Sauti ikirudi itarudi na nguvu, na safari hiyo anaweza kuitii."

Nikamwambia nimeelewa, mama. Na nilielewa kweli.

Zikapita wiki sita. Akaanza kulala, mashavu yakajaa, kwenye chupa kukawa na maji. Siku moja redio ya mjini ikamwalika azungumzie mechi, na katikati ya habari za mpira akayatoa yote. Kwamba anaumwa akili, anasikia sauti ikimwita hata akiwa golini, na anatibiwa. Kwamba alikuwa mlevi wa gongo, na kila siku inayopita bado anapigana nayo. Kwamba wachezaji wengi wanaumia hivyo hivyo na wanaficha, "na mimi nimechoka kuficha." Nilikuwa nimekaa naye mle studio. Niliona fahari, jamani, machozi yakanilenga. Mama mmoja akapiga simu analia, anasema mwanawe yuko vile vile na wamemfunga kamba nyumbani, kesho atamfungua ampeleke hospitali. Baada yake akapiga mwanamume. Hakusalimia.

"Hiyo sauti inatokea goli la upande gani?"

Mtangazaji akacheka. Mimi sikucheka, maana nilijua swali hilo linaelekea wapi.

Timu yetu ilikuwa na kamati ya ufundi, na mtu asidhani ni kamati ya mbinu za uwanjani. Ni wazee wanaoshughulikia mambo yasiyoandikwa: tuingie uwanjani kwa mlango gani, nani atangulize mguu gani, chumba cha kubadilishia nguo kimemwagiwa nini. Nimeruka ukuta wa uwanja wetu wenyewe nikiwa nimevaa jezi, mara nisizozikumbuka, kwa sababu kamati ilisema geti limefungwa. Geti liko wazi, mlinzi amesimama anatushangaa! Tulicheka sana, lakini tuliruka.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mnunuzi wa pamba, mtu wa sauti ya chini. Aliniita ofisini kwake, akanisalimia Kisukuma, akaniagizia soda. Akasema wametoka Ushetu kwa mganga wao. Kipa haumwi. Wapinzani ndio waliomtega, na huyo anayemwita ni mtu wao. Dawa za hospitali zinamziba masikio.

"Aachwe asikie," alisema. "Akimsikia vizuri atamtaja. Akimtaja, tumemaliza kazi."

Nilibisha, lakini kwa ubishi wa mtu anayesubiri kushindwa. Tulikuwa mkiani, tunakaribia kushuka daraja, na miguu yangu ilikuwa imeanza kuchoka. Timu ikishuka, nani angenisajili mimi? Tena acha niseme ukweli mtupu: nusu yangu iliamini. Nimelelewa na bibi aliyenifunga hirizi kiunoni nilipokwenda kufanya mtihani wa darasa la saba.

Nilimkuta kipa uani anafua soksi.

"Mdogo wangu, hebu vipumzishe hivyo vidonge mpaka tucheze Jumapili."

"Kaka, daktari alisema..."

"Daktari ndiye atakayekaa golini?"

Akajifuta povu mikononi, akaingia ndani, akaniletea pakiti. Hakuuliza tena. Nikaitia kwenye mfuko wa njumu zangu.

Jumapili alidaka penati dakika za mwisho. Uwanja ukalipuka, mwenyekiti wa kamati akalia kama mtoto. Nilipomkumbatia kipa akaninong'oneza, "Ameniambia kona."

"Nani?"

"Yeye. Ameniambia jamaa ataipiga kulia."

Mfuko wangu wa njumu ulikuwa pale kwenye benchi, ningeweza kumpa vidonge vyake saa ile ile. Badala yake nikampiga mgongoni, nikamwambia, "Basi mwambie asante."

Ndivyo nilivyosema, kwa mdomo wangu huu.

Mechi iliyofuata tukashinda tena, ya tatu tukatoka sare. Kamati haikutaka kusikia habari ya vidonge, na mimi sikuitaja. Gongo ikarudi kwenye chupa, nikajifanya pua imeziba. Akakonda. Akaacha kuniamkia. Nikimwita kwa jina anageukia upande ambao sipo.

Kisha tukaalikwa mechi ya kirafiki Geita, kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo. Uwanja ule hauna ukuta. Nyuma ya goli moja kuna uwazi kidogo, halafu yanaanza maduara, ndivyo wachimbaji wanavyoyaita mashimo yao. Kipindi cha kwanza tulilinda goli hilo. Ilikuwa saa kumi alasiri, jua kali, na sauti yake ikakatika kisogoni kwangu.

Nikageuka. Alikuwa anavua glovu, taratibu, moja kisha nyingine. Akazilaza juu ya mstari wa goli, akapita pembeni ya mlingoti, akaanza kutembea.

Watu wote walimwona. Hilo ndilo nataka lieleweke. Mashabiki wa kule wakampisha, wengine wakakimbia wamebeba watoto, wakidhani anakwenda kufukia uchawi. Watu wetu wakapiga makofi. Nilimsikia mwenyekiti pale benchi akiwazuia waliotaka kumfuata: "Mwacheni! Mwacheni, yuko kazini!" Refa akapuliza filimbi, naye akasimama kutazama. Na mimi, mtu pekee pale niliyeambiwa na daktari kwa Kiswahili chepesi kabisa, nilisimama mikono kiunoni. Nilikuwa nasubiri ataje jina.

Hakuita mtu, hakupiga kelele. Kelele tulizozisikia zilikuwa za wachimbaji.

Walimtoa shimoni kwa kamba ile wanayovutia mawe. Alikuwa hai. Nyonga imevunjika, na mguu wa kushoto hautamfaa tena kwa mpira wala kwa jembe. Mwenyekiti aliuliza kitu kimoja tu, kama alikuwa ametaja mtu.

Timu ilishuka daraja hata hivyo. Nami nikaacha mpira, na mwaka uliofuata nikapanda basi la Chato. Nilikuwa na jambo moja la kusema, na njia nzima nililirudia moyoni: mama, mimi ndiye niliyemnyang'anya dawa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, karibu sana!"

Mwanawe alikuwa amekaa barazani, magongo ameyaegemeza ukutani. Alikuwa amerudia kumeza vidonge vyake, macho yametulia. "Shikamoo, kaka," akasema. Nikakosa pa kutazama.

Kabla sijafungua kinywa kuku alikuwa ameshachinjwa, na majirani wawili wameitwa. Tulipokaa kula, mama akawaambia, "Huyu ndiye yule kaka. Mwanangu amenisimulia yote. Alimpeleka hospitali, akamsimamia kumeza dawa kila siku. Huyu wangu kwa ujinga wake akazitupa chooni, kaka yake asijue."

Nikamtazama kipa. Mtu aliyeketi redioni akauambia mji mzima habari za ugonjwa wake na ulevi wake alikuwa ameinamia sahani yake, anachambua mfupa.

"Mama," nikaanza.

"Usiseme kitu, mwanangu. Nyumba hii haina baba." Akachagua firigisi, fungu la baba wa nyumba, akaiweka kwenye sahani yangu. "Kula."

Nikala.