Mashavu Mawili, Miswaki Miwili

Meno yangu nilikuwa naringa nayo Laare nzima. Nimefungua soda nayo, nimekata waya nayo, hata mbwa ya jirani ikiniona nacheka inaingia ndani. Halafu ufizi ukaanza kutoa damu. Nikila mahindi choma, gunzi linabaki kama limechinjwa.

Daktari wa meno kule Nkubu, msichana mpole, akachungulia. "Mzee, hii gego ya kushoto inacheza. Rudi baada ya miezi tatu. Ikiwa hivi bado, tunang'oa."

Mimi nikaapa hiyo gego haitoki kama niko hai.

Binti yangu anafanya kazi Nairobi. Akaniletea mswaki wa stima. Kuuwasha tu, ukanguruma kama ndege, kuku wote wakahamia kwa jirani.

"Baba, tupa huo wako wa mkono."

"Nitupe? Huu mkono umechuna miraa miaka arobaini, utashindwa na meno thelathini?"

"Thelathini ni za zamani," mama yake akasema. "Hesabu tena."

Basi tukashindana. Shavu la kushoto stima, la kulia mkono wangu. Asubuhi na jioni nilisugua kulia polepole kama mtu anaosha mtoto wa askofu.

Miezi tatu ikaisha, tukarudi Nkubu na binti. Daktari akaangalia. "Kulia hakuna damu tena. Kushoto bado iko, na gego bado inacheza."

Nilitaka kukodi spika nizunguke soko nikitangaza. Mashine imeshindwa na mkulima!

Daktari akaniuliza, "Mzee, miraa ukitafuna unaweka shavu gani?"

Nikaanza kuangalia dari. Huku kwetu kila mtu ana shavu lake la miraa, na halibadilishwi.

"Kushoto," binti akanichoma kwa daktari. "Na bablish, ile chingamu tamu ya kuondoa uchungu wa miraa."

"Siku ngapi kwa wiki?"

"Yeye wiki yake iko na siku nane."

Daktari akacheka. "Basi hamkushindanisha miswaki, mmeshindanisha mashavu. Wa stima unasaidia zaidi kidogo, lakini wa mkono ukitumiwa vizuri unatosha. Sukari ikikaa hapo mchana wote, hakuna mswaki itaweza." Akachukua koleo. "Tutoe leo?"

Nikafunga mdomo. Daktari akangoja, binti akangoja. Nilipoona amerudisha koleo ndio nikafungua.

"Nipe miezi tatu ingine."

"Utaacha miraa?"

"Miraa ndio imesomesha huyu anayenichoma. Bablish nitaacha. Na kushoto nitasugua na hiyo ndege yenu."

Akakubali, lakini amesema hataniongeza siku hata moja.

Sasa natafuna miraa ikiwa chungu, machozi yananitoka. Mwenzangu tunayechuna naye ananiuliza, "Wewe, hiyo ni miraa ama dawa ya minyoo?" Namwambia acheke vizuri. Yeye amebaki na meno sita, na mimi gego yangu bado naisugua.