Shikamoo ya Baiskeli Isiyosimama

Mimi ni fundi cherehani wa Gungu, na kilichoniponza ni ufundi wangu mwenyewe. Siku nilipoiona ile baiskeli kwa muuza mitumba, nyembamba, ya chuma kitupu, rangi ya bluu iliyobabuka, nililiinua tairi la nyuma nikazungusha pedali kwa mkono. Tairi likazunguka. Nikaishika pedali, tairi likasimama papo hapo. Nikairudisha pedali nyuma, na tairi likarudi nyuma. Nikasema moyoni, hii si cherehani tu iliyowekewa magurudumu? Nani wa kunifundisha? Bei yenyewe ilikuwa ya kutupa, haifiki hata nusu ya baiskeli ya mizigo. Breki haikuwa nayo hata moja, na muuzaji akanihakikishia kwamba breki ni za waoga.

Fundi baiskeli wa jirani aliipindua, akaitazama, akacheka mpaka akakaa chini. Akanitolea simu na kunionyesha baiskeli za ukoo huo zilivyo kwao: zinakimbizwa ndani ya uwanja uliojengwa kama bakuli, wote upande mmoja, raundi baada ya raundi, hakuna mbuzi wala bodaboda.

"Hawa hawana mahali pa kwenda, ndiyo maana hawahitaji breki," akasema. "Wewe una mahali pa kwenda."

Nikamwomba anifungie breki. Akajibu kwamba uma wa mbele hauna tundu la kufungia, na chuma kizuri namna ile yeye hatoboi. Nilimkasirikia siku mbili, kisha nikaanza kujisikia mtu wa mashindano.

Bakuli sisi hatuna. Nilikuwa na uwanja wa shule, wenye mstari wa chokaa wa kukimbilia na mbuzi watatu waliojiona ndio wenye mstari. Kila jioni baada ya kufunga kazi nilizunguka pale. Baiskeli ile haikuruhusu mapumziko: ukiacha kuzikanyaga pedali, pedali zinakukanyaga wewe. Ukitaka kusimama unaikazia miguu, unabishana nayo, na mabishano yanamalizika baada ya nusu uwanja. Mbuzi walijifunza haraka kuliko mimi.

Mambo yangeishia kwenye chokaa kama nisingekuwa nimepeleka barua ya posa Bangwe. Barua ilikuwa imepokelewa vizuri, jibu tukaambiwa tusubiri. Sasa huku kwetu mtu unaweza kuwa maskini, unaweza kuwa na sura mbaya, na ukapata mke. Lakini ukiwa juu ya baiskeli ukakutana na mzee, unashuka. Unashuka kabisa, miguu yote miwili chini, ndipo unaamkia. Na kama mzee mwenyewe ndiye ameshika barua yako ya posa, ikiwezekana unailaza na baiskeli.

Mzee huyo, baba wa msichana, nilimkuta kwenye mteremko wa kwenda Bangwe. Yeye anapanda kwa miguu na rafiki yake, mimi nashuka. Nilimwona kwa mbali, nikaanza kukaza miguu, na baiskeli ikakataa. Pedali zilikuwa zinazunguka kwa kasi ambayo hata siku ya sare za shule kwenye cherehani sijawahi kuifikia.

"Shikamoo mzee!" nikapiga kelele, magoti yakinigonga kidevu.

Sikusikia marahaba. Nilikwenda kusimama ziwani, maji yakiwa magotini, mbele ya akina mama wanaoanika dagaa. Waliniuliza kama nimetumwa.

Kesho yake mchumba wangu alinipigia simu. Nilitegemea atacheka, na kweli alicheka, lakini kicheko kilimwishia mapema.

"Baba anasema umemwamkia kama gari la matangazo," akaniambia. "Anauliza, mtu asiyeweza kushuka kwenye baiskeli kwa ajili yake, atashuka kwa ajili ya nani?"

Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa kweli, maana yule msichana nilimpenda hata akinicheka, na wa namna hiyo sikutegemea kumpata mara mbili. Nikaapa kwamba nikimwona tena mzee nitasimama, hata kama ni kwa kuvunjika.

Siku ya tatu nikamwona Ujiji, amesimama peke yake penye uwazi tambarare. Nikaanza kukaza miguu mapema. Mwendo ukapungua, lakini haukuisha, nami nikawa namkaribia mzee. Kwa akili ya uwanjani nikaona nimzunguke mpaka kasi iishe. Nilimzunguka mara tatu. Kila nikifika usoni pake nasema shikamoo, naye anageuza shingo kunifuata, mkono kwenye kofia. Nilipofanikiwa kushuka alikuwa ameshaondoka, na alichokisema kwa Kiha akiondoka sitakiandika hapa.

Jumapili nikaitwa Bangwe, niende na baiskeli. Nilikwenda nikiikokota. Mzee alikuwa nje ya nyumba yake, barua yangu iko mfukoni mwa shati, niliitambua bahasha. Nilichutama, nikaamkia polepole kama mtu anayepima kitambaa cha gharama, kisha nikaeleza kwamba baiskeli yangu haisimami.

"Haisimami," akarudia. "Kijana, mimi nimetoka Kasulu na gunia la maharage kwenye keria, mvua inanyesha, wewe hujazaliwa. Na niliwaamkia wazee wote wa njiani. Baiskeli inasimamishwa na adabu."

"Ni kweli mzee, lakini hii..."

"Lete."

Tukaenda uwanja wa mpira ulio karibu na kwake. Alikunja suruali, akapanda kwa ustadi ambao sikuutegemea, akaondoka. Raundi ya kwanza alikaa wima kama anakagua gwaride. Akanipita akitabasamu. Ya pili akataka kupumzisha miguu, pedali zikamrusha juu ya siti, na tabasamu likamtoka. Alipofika kona ya tatu nilimsikia akiiambia baiskeli "basi, basi," kwa sauti ya kubembeleza ng'ombe.

Hapo ndipo akatokea dada yake mkubwa, shangazi wa mchumba wangu, amekuja kutoka Buzebazeba kusikia habari za posa. Alisimama ukingoni mwa uwanja, kikapu mkononi, akingoja mdogo wake ashuke amwamkie.

"Shikamoo dada!" mzee akapiga kelele, akapita.

Shangazi akaweka kikapu chini. Mzee akazunguka, akarudi.

"Shikamoo dada!"

"Unanipita?" shangazi akafoka. "Mimi niliyekubeba mgongoni, unanipita? Mara mbili?"

"Siyo mimi, dada!" sauti ikaishilizia golini.

Nilikimbia. Nilikata uwanja katikati, nikamngoja kwenye kona, nikaidaka siti kwa mikono miwili, nikaburutwa, viatu vikabaki nyuma. Tuliangukia nyasini sote watatu: mzee, mimi na baiskeli. Tairi la nyuma liliendelea kuzunguka, na pedali nazo, bila mtu.

Mzee hakuumia. Alilala chali akihema, bahasha imechomoza mfukoni, huku dada yake akija kwa hatua kubwa, kanga ameifunga kiunoni. Nilimwona anatafuta maneno ya kujitetea, na nilijua hayapo, maana mimi niliyatafuta wiki nzima. Akanishika mkono.

"Mwanangu," akasema, "mweleze shangazi yako."

Nikainuka nikiwa pekupeku, nikachutama mbele ya shangazi yangu, nikamwamkia vizuri, kisha nikaanza kumtetea baba mkwe.