Kijana wa Murera uliyeuliza bar na chain ya magogo machafu, soma yaliyonipata Thika miaka ya hamsini

Wakuu, salamu kwenu nyote, mlioko nyumbani na mnaosoma kazini mkijificha.

Juzi kijana mmoja wa Murera aliuliza hapa: ana magogo yaliyolala kwenye matope, chain inakuwa butu kila saa, sasa anunue bar gani na chain gani ya power saw yake. Akajibiwa na watu wengi, kila mtu na brand yake.

Mimi sikujibu. Jibu langu ni refu, na nimeliandika kwa kidole kimoja kwa siku tatu. Mimi ni guka, yaani babu, ninayekaribia miaka tisini, kwa hivyo mnivumilie.

Sitatia chumvi. Katika mambo haya mimi ndiye niliyekosa, na mtu hatii chumvi kwenye kosa lake.

Nilikuwa kijana, nafanya kazi kwenye shamba la mkonge nje ya Thika. Mvua kubwa ilikuwa imebeba daraja la ndani ya shamba, mkonge haufiki factory, na meneja alitaka daraja jipya upesi. Blue gum kubwa, ile mikaratusi, zikaangushwa, ng'ombe wakazivuta hadi uwanjani karibu na mto Chania.

Hapo ndipo ikaletwa power saw.

Mnaofikiria power saw ni kitu cha kubeba kwa mkono mmoja, sahau. Ile ilikuwa ya watu wawili. Mmoja anashika upande wa injini. Mwingine anashika mpini uliofungwa kwenye ncha ya bar, ule upanga wa chuma ambao chain inauzunguka. Mkiangaliana, gogo liko katikati.

Injini nilikuwa nayo mimi. Nilikuwa nimefundishwa wiki moja, na hiyo wiki moja ilinitosha kuitwa Fundi Karanja.

Kwenye ncha alikuwa Mutua, mtu wa Machakos, mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi. Mtu mpole, haongei ovyo. Siku ya kwanza alitaka kuuliza jambo kuhusu ile ncha, nikamkata maneno.

"Wewe shika tu," nikamwambia. "Mambo ya mashine niachie mimi."

Akashika.

Sasa nieleze vyombo, maana ndivyo kijana aliuliza. Bar yetu ilikuwa na kigurudumu kwenye ncha, kinazunguka pamoja na chain ili ipite bila kukwaruzwa. Chain ilikuwa ya aina mpya, meno yamepinda mbele kama jembe. Ikiwa kali, inakula blue gum kama mkate. Niliipenda sana ile chain. Jioni nilikuwa naipangusa kabla sijanawa mikono yangu.

Shida ya blue gum ni jua. Ukiiacha siku mbili tatu, miisho inapasuka hadi gogo linafaa kuni tu. Mafundi wa daraja walikuwa wanachelewa, magogo yanalala, na nyapara wetu Kinuthia akaanza kukosa usingizi.

Mimi nikajitolea. Nyumbani mama alikuwa akikandika ukuta kwa udongo mwekundu na mavi ya ng'ombe, na ukuta unakaa. Nikasema hata gogo linaweza kukandikwa. Na kwa sababu mimi ni mtu wa kuongeza akili kidogo kwa kila kitu, nikakumbuka kwamba udongo mtupu hupasuka ukikauka. Nikauchanganya na mchanga safi wa mtoni.

Nikapaka miisho yote, na nikaendelea kulizungushia gogo kama futi mbili kutoka kila mwisho. Ikakauka ngumu kabisa. Hakuna gogo lililopasuka. Kinuthia akanisifu mbele ya watu, na nikatembea wiki nzima kichwa kikiwa juu.

Mafundi wakaja. Wakataka kila gogo likatwe miisho, yote yawe sawa. Tukawasha.

Chain ya kwanza ikafa kwa magogo mawili.

Wakuu, sijui niseme vipi. Asubuhi inatoa vipande vikubwa vya mti, kufika saa nne inatoa unga na moshi. Nikaketi nikainoa kwa tupa, jino moja moja, tukarudi. Magogo mawili, butu tena. Nikanoa hadi meno yakaisha. Ikawekwa chain ya pili, mpya kabisa, na yenyewe ikaenda vivyo hivyo.

Na bar ilikuwa inachemka. Mutua alianza kufunga mkono wake na kipande cha gunia. Nilimcheka, nikamwambia ana mikono ya karani.

Kinuthia akaja kuangalia. Yeye hakujua mashine lakini alijua kutafuta wa kulaumiwa.

"Huyu wa ncha ndiye anagusisha chini," akasema. "Chain ikigusa mchanga inaisha. Hiyo hata mtoto anajua."

Mutua akasema, "Hapana bwana, mimi sigusishi."

"Kuna chain moja imebaki. Hiyo ikiisha kabla ya Jumamosi, Jumamosi unachukua kadi yako ya kazi unaenda."

Kazi ikienda, nyumba inaenda, maana nyumba ilikuwa ya shamba. Na mke wa Mutua alikuwa na mtoto wa mwezi mmoja.

Mimi sikumtetea. Sikumshtaki pia, nilitazama mashine tu. Lakini ndani yangu nilijua Mutua hagusishi chini, kwa sababu mkono wangu wa upande huu ungehisi. Basi ni nini? Hilo swali liliniingia kichwani likakataa kutoka. Nikila nawaza chain. Kanisani nawaza chain.

Nikaenda Thika mjini kwa duka la spea. Mwenye duka akasema ni oil. Nikabadilisha oil, hakuna kitu. Nikamwonyesha mhunzi wa kwetu lile jino, akalipitisha kwenye ukucha, akasema chuma ni kizuri, nisikisingizie.

Nikasikia Ruiru kuna mashine ya mbao, na huko kuna mzee anaitwa Njuguna ambaye amekata miti na power saw kama yetu tangu zije. Siku hizo za hali ya hatari, mtu wa kabila letu kutoka Thika kwenda Ruiru alihitaji karatasi ya ruhusa. Nilimsumbua karani siku mbili hadi akanipa, nafikiri alitaka tu niondoke mlangoni.

Mzee Njuguna alinisikiliza bila kuacha kunoa.

"Hiyo miti yenu iko na uchafu gani?"

"Hakuna uchafu, baba. Iko safi."

"Imelala chini?"

"Tumeiinua na mawe."

Akanyanyuka akaniletea bar yake ya zamani. Ncha yake haikuwa na kigurudumu. Ilikuwa chuma kimoja tu, imeongezewa chuma kigumu zaidi pale chain inapopinda. Akasema kigurudumu ni kizuri kwa mti safi, lakini mchanga ukiingia ndani yake kinasaga kama jiwe la kusagia unga, kinachemka, kisha kinakwama. Ncha ya chuma kimoja haina mahali mchanga utaingia. Inahitaji oil nyingi tu.

Kisha akatoa chain ya aina ya zamani, meno yamesimama kama ya msumeno wa mkono. Inakata polepole, akasema, lakini makali yake si membamba, kwa hivyo hayavunjiki haraka.

Akaniazima zote mbili. Nikiwa nimefika mlangoni akaniita.

"Kijana. Chukua ule unga wa mti unaotoka kwa mashine, utie kwa kopo ya maji. Mti utaelea. Kile kitaenda chini, hicho ndicho kinakula chain yako."

Ijumaa, chain yetu ya mwisho ikiwa imeshaisha, tulifunga bar ya Njuguna na chain yake. Magogo matano, wakuu. Matano. Nilikuwa nacheka peke yangu. Kwenye la sita ikaanza kutoa unga.

Hapo nikakumbuka kopo.

Nikatafuta makopo mawili, kwa sababu nilitaka kuona tofauti. Moja nikatia unga uliotoka chain ikiwa ndani kabisa ya mti. Lingine nikatia unga wa kwanza, uliotoka pale juu tulipoanzia kukata. Nikayakoroga, nikachutama nikangoja.

Kopo la kwanza, kila kitu kilielea.

Kopo la pili, chini palikuwa na kitu kinang'aa. Nikamwaga maji, nikakichukua kwa kidole. Mchanga mweupe wa Chania. Niliuteka mwenyewe, nikauchekecha mwenyewe, nikauchanganya kwa mikono hii ninayoandikia.

Aibu ilinishika hadi masikio yakawa moto.

Na niseme ukweli wote kama nilivyoahidi: nilifikiria kunyamaza. Bar mpya ilikuwa imefanya vizuri. Ningeweza kusema kosa lilikuwa la bar, Mutua angepona, na mimi ningebaki fundi. Lakini chain ilikuwa butu, na Kinuthia hakuwa mtu wa kusikia habari za vigurudumu. Yeye alitaka mtu.

Jumamosi asubuhi nilipita nyumbani kwa Mutua. Mkewe alikuwa ameshafunga sufuria kwenye leso. Hakunisalimia, na sikumlaumu.

Uwanjani Kinuthia alikuwa na kadi mkononi. Nikaweka makopo mawili juu ya gogo mbele yake, nikamweleza. Nikamwambia mchanga haukutoka chini, ulitoka kwangu. Mutua alikuwa amesimama pembeni na kofia mkononi, anatazama viatu vyake.

Kinuthia akatia kidole kwenye kopo la pili, akaweka mchanga mdomoni, akausaga kwa meno. Tulisikia. Akatema.

Kadi akairudisha mfukoni.

"Leo utakwangua haya magogo yote kwa panga na uyaoshe," akaniambia. "Na kuanzia Jumatatu, Mutua atashika injini. Wewe shika tu."

Sijui kama alijua hayo yalikuwa maneno yangu. Mutua alijua, kwa sababu aliinua macho.

Jumatatu nikashika ncha kwa mara ya kwanza maishani. Magogo yalikuwa safi na chain imenolewa, na bado unga ulinipiga usoni, na joto la ile ncha lilipanda hadi kiwikoni. Kila punje ya mchanga iliyobaki kwenye ule mti niliihisi kwenye meno. Upande wa injini husikii haya. Unasikia injini tu.

Tulipozima nikamuuliza, "Mutua, wewe ulijua?"

"Siku ya kwanza ya kukata haya magogo," akasema. "Mchanga ulikuwa unaniingia machoni."

"Mbona hukusema hata ulipokaribia kufukuzwa?"

Akapangusa injini. "Mara ya kwanza ulinikataza. Halafu nikaona unauliza kila mtu, Thika, Ruiru. Nikasema moyoni, labda na mimi atanifikia."

Kijana wa Murera, jibu lako ni hili. Bar ya ncha ngumu, isiyo na kigurudumu. Chain isiyo na kona kali sana, siku hizi wanaiita semi-chisel. Oil usiihurumie. Kabla ya yote, kwangua mti, uoshe, halafu ufanye ile ya kopo. Haya yote nilienda hadi Ruiru kuyatafuta, na sehemu kubwa ilikuwa futi tano kutoka kwangu, imefunga mkono na gunia.

Daraja lilijengwa na lilikaa miaka. Bar ya mzee Njuguna niliirudisha mwenyewe, na nilimwambia ukweli kuhusu ile miti safi. Alicheka hadi akaweka tupa chini.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Wenye power saw mje na ujuzi wenu, na wa kunirekebisha anirekebishe.

Lakini kama wewe ni yule aliyewahi kushika ncha kimya huku fundi akizunguka mji mzima kuuliza, andika wa kwanza. Wengine tutangoja.