Tamthilia Niliyomtafsiria Bibi

Bibi mzaa baba aliletwa kwetu Bilele, Bukoba mjini, baada ya kuteleza kwenye kibanja chake cha migomba kule Izigo na kuvunjika nyonga. Nilikuwa darasa la sita. Baba alimbeba mgongoni kutoka kwenye gari mpaka chumbani kwangu, akamlaza taratibu, akamvua viatu mwenyewe. Tangu siku hiyo nikalala na bibi kitanda kimoja, mimi upande wa ukutani, yeye upande wa nje ili asisumbuke kuamka.

Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, asiyependa kuhurumiwa. Kiswahili chake kilikuwa cha salamu na cha sokoni. Zaidi ya hapo alitaka Kihaya, na kwa kuwa mama alishinda barazani kwenye cherehani yake na baba alishinda kazini, mtu wa kuzungumza naye nikawa mimi.

Saa kumi na moja jioni kulikuwa na tamthilia. Ilikuwa ya nchi ya mbali, ya watu weupe wenye nywele ndefu, ila walikuwa wametiwa sauti za Kiswahili. Mama aliacha kushona akaja kuitazama, majirani wawili nao wakaja, na bibi tukamsogeza kwenye kochi, mguu wake juu ya kigoda. Siku ya kwanza alivumilia kidogo, kisha akanigusa bega. "Anasema nini huyo?" Nikamwambia kwa Kihaya. "Na yule amemjibu nini?" Nikamwambia. Basi ikawa ndiyo kazi yangu.

Bibi hakujali majina yao. Aliwapa ya kwake. Mke wa ile nyumba kubwa alimwita Mke wa Ngazi, kwa sababu kila jambo baya lilimkuta akishuka ngazi. Mumewe alikuwa Mwenye Tai. Na yule msichana wa ofisini aliyekuwa akimchekea Mwenye Tai alimwita Kucha, na ungemwona ungejua kwa nini. Bibi aliwachambua vibaya sana. "Hawa hawapiki? Wanakula saa ngapi? Tazama, analala na hereni masikioni!" Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. Lakini midomo ya Mke wa Ngazi ilipoanza kutetemeka, bibi aliacha kuwachambua, na mkono wake ukatulia juu ya goti langu.

Baba alikuwa karani wa kahawa, na kila msimu walizoea kumtuma Muleba kwa wiki kadhaa. Mwaka ule alihamishiwa Muleba mjini, akawa anarudi Ijumaa na kuondoka Jumatatu alfajiri. Kisha akawa anarudi Ijumaa moja na kuruka nyingine. Kisha ukapita mwezi asirudi. Jumamosi moja mama alipiga pasi mashati yake manne, akayakunja, akayatia kwenye mfuko, akapanda gari kumpelekea. Alirudi siku ileile kabla ya jua kuzama. Mfuko alikuwa nao bado, na mashati yalikuwamo.

Alinikuta uani naosha vyombo. Akainama kana kwamba anataka kunisaidia.

"Baba yako ana mtu mwingine kule," akasema. "Wanakaa nyumba moja. Nimemkuta yule mwanamke anaanika nguo za baba yako."

 Nikaendelea kusugua sufuria.

"Bibi asijue. Umesikia? Ana presha. Akijua atatufia."

Nikasema nimesikia.

Wiki hiyohiyo, kwenye tamthilia, Mwenye Tai alichukua begi lake akatoka. Mke wa Ngazi alimshika mkono, akamwuliza, "Unaniacha kwa ajili yake?" Naye akasema ndiyo, na akasema amechoka kuishi kwa uongo. Bibi akanigusa bega.

"Wanasema nini?"

Nilimtazama mama. Alikuwa ameganda, pindo la gauni la mteja mkononi.

"Anakwenda safari ya kikazi," nikamwambia bibi. "Anamuaga mkewe."

Mama alinitazama mara moja, akarudisha macho kwenye televisheni. Hakunikanya.

Uongo mmoja haukutosha. Tamthilia ilikwenda kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, na kila siku ilibidi niuongezee. Mke wa Ngazi alipochoma nguo za mumewe bustanini, nilimwambia bibi zimeingia wadudu. "Zote?" akauliza. Nikasema zote. Kucha alipohamia kwenye nyumba mpya na Mwenye Tai, nikasema ni dada yake, wamekutana baada ya miaka mingi. Nilikuwa nikitoka shuleni njia nzima nawaza jioni nitasema nini. Bibi alizidi kupunguza maswali. Nilidhani ananiamini.

Mpaka leo najiuliza kwa nini watu wale walituingia kiasi kile. Nyumba yao ilikuwa ya uongo, waliamka wamepakwa rangi mdomoni, muziki ulilia kabla mtu hajaambiwa habari mbaya. Lakini kulikuwa na siku moja ambayo haikuwa na uongo wowote. Mke wa Ngazi alikuwa ameandaa meza ya watu wawili. Akakaa. Hakulia, hakusema. Alinyoosha kijiko kilichokuwa kimelala upande, akakirudisha, akakinyoosha tena. Ilikaa hivyo muda mrefu sana, na hata muziki hawakuuweka.

Siku hiyo majirani hawakuja. Tulikuwa watatu. Kwa kuwa hakuna aliyezungumza, sikuwa na cha kutafsiri, na bibi hakunigusa bega. Alisema mwenyewe, kwa Kihaya, polepole.

"Mwana wange, mwanamke huyu ameachwa."

Nikasema, "Hapana bibi, ni ile safari ya..."

"Masikio yangu ndiyo hayajui Kiswahili. Macho yanaona. Mtu wa safari ya kazi hasubiriwi namna hii." Kisha akamgeukia mama. "Na wewe, mwanangu? Tangu lini?"

Mama alikuwa anatia uzi kwenye sindano. Alijaribu mara ya kwanza, uzi ukapita pembeni. Akajaribu tena. Halafu akaiweka sindano kwenye mto wa kochi.

"Tangu kabla ya Pasaka, mama."

"Na ulikuwa unanipikia, unaniogesha, unakaa na hilo peke yako."

"Niliogopa presha yako."

Bibi aliniambia nizime televisheni. Nikazima. Akanivuta, akakibana kichwa changu kifuani kwake mpaka sikio likaniuma, akasema maneno mengi kwa sauti ya chini ambayo hayakuwa ya kunigombeza. Nililia nilivyokuwa sijalia tangu ile siku ya mashati. Yeye hakulia.

"Mpigie simu mumeo," alimwambia mama. "Mwambie mama yake anaumwa."

"Mama, tumdanganye?"

"Si uongo. Naumwa."

Baba alikuja Jumapili, tukiwa tumetoka ibadani. Kwa wiki nzima nilikuwa nimejiandaa kwa yale niliyozoea kuyaona saa kumi na moja: kofi, glasi kuvunjika, mtu kupiga magoti. Nilikuwa hata nimeziondoa glasi kabatini nikazificha. Lakini baba aliingia, akavua kofia, akamwamkia mama yake, akamwuliza mguu unaendeleaje. Mama akaleta chupa ya chai na vikombe. Walikaa kama watu waliokuja kupanga harusi. Mimi nilisimama mlangoni, na hakuna aliyenifukuza.

"Nimesikia una nyumba Muleba," bibi akasema.

Baba alitazama sakafu. "Nimekosa, mama."

"Sikukuita ukiri. Nimekuita uchague, mbele yangu na mbele ya huyu uliyeniletea mwenyewe ukaniambia ndiye."

 Baba alikuwa akiizungusha kofia mikononi, na nikaona kwamba amepungua, na kola ya shati lake haikupigwa pasi vizuri. Nilimwonea huruma, na hilo nilikaa miaka bila kujisamehe.

"Kuna mtoto," akasema.

"Ana umri gani?"

"Anatembea."

"Sikuuliza kama anatembea."

"Anaingia miaka mitatu."

Mama alikuwa amemimina chai nusu kikombe. Aliisimamisha chupa mezani, akaifunga kifuniko, akakikaza vizuri. Miaka mitatu nyuma alijifungua mtoto wa kiume ambaye hakulia. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka baba alivyokaa uani siku mbili bila kula, na sisi wote tukadhani ni uchungu wa yule mtoto mmoja.

"Ni wa umri wa wangu," mama akasema.

Hakuipandisha sauti.  Bibi akatoa sauti ndogo, "Maawe," kama mtu aliyeguswa na maji ya moto, na baada ya hapo hakumwuliza mwanawe kitu kingine. Chai ilipoa. Baba akainuka, akasema atapita wiki ijayo, na mama akamfungulia mlango kama anavyomfungulia mteja.

Wiki iliyofuata baba hakuja, walikuja baba zangu wadogo wawili. Walikuja kumchukua bibi. Walisema kwa adabu, kwa maneno yaliyozunguka, kwamba mama yao hawezi kukaa kwa mwanamke ambaye ndoa yake imefika hapo ilipofika. Watu wa Izigo watasema hana watoto.

"Nibakizeni na huyu," bibi akasema. "Ananijulia."

"Mama, tutasemwa."

"Mtasemwa siku mbili."

Lakini mama mwenyewe ndiye aliyemfungia nguo zake. Bibi alimtazama akikunja kanga, akamwuliza, "Unanifukuza?"

"Sikufukuzi, mama. Mimi mwenyewe naondoka. Nyumba ni ya kupanga, na nimepata vyumba viwili tu Kagondo, vyoo viko mbali. Na mguu huo utafikaje?"

 Bibi alimshika kiganja, akakigeuza, akakitazama kama anayesoma. Baba mdogo mmoja akambeba mpaka kwenye gari. Hakumbeba kwa ustadi wa baba. Mguu uligonga mlango, na nikamsikia akiugulia.

Kagondo tulihama na cherehani, vitanda na vyombo. Televisheni mama aliiacha. Mwisho wa tamthilia tulisimuliwa na mteja aliyekuja kuchukua sare za watoto wake: Mwenye Tai alirudi, akapiga magoti kwenye mvua, mkewe akashuka ngazi akamwinua, wakafunga ndoa upya. Mteja alisimulia kwa furaha, huku anapangusa macho. Mama alikata uzi kwa meno, akamkabidhi sare, akasema, "Wajaribishe kwanza kiunoni." Mimi nilikasirika. Niliwachukia wale watu kuliko nilivyomchukia baba. Walikuwa wametuonyesha ile meza na kile kijiko, kisha wakageuka kama vile hawakuiona.

Nilikwenda Izigo likizo mbili. Bibi alikuwa kwenye nyumba yake, mjukuu mwingine anamhudumia, na alikuwa ameshaanza kunichanganya na shangazi yangu. Aliniuliza habari za mama kila baada ya dakika chache, na kila mara nilimjibu upya kwamba ni mzima, anamsalimu.

Alifariki nikiwa kidato cha tatu. Mama alisikia habari akiwa anapima kitambaa, akakaa chini palepale sakafuni. Nilimwambia si lazima aende. Alinitazama kama vile nimemtukana.

"Mwenye msiba ni mimi," akasema.

Tulifika watu wakiwa wengi kwenye kibanja, wamekaa chini ya migomba juu ya majani. Yule mwanamke wa Muleba alikuwa jikoni pamoja na wake za baba wadogo, amefunga kitenge cha sare walichonunua wakamwana wote, wake wa watoto wa bibi. Sikumjua sura kabla ya hapo. Alikuwa mwanamke wa kawaida, mnene kidogo, amechoka, anapuliza moto. Mama hakwenda jikoni. Alikaa na majirani, na alipopita mtu aliyemfahamu, walishikana mikono haraka, mtu akapita. Baada ya mchungaji kusali, walianza kuita watu kutupa udongo: watoto, kisha wakamwana, kisha wajukuu. Waliposema wakamwana, mama aliinuka nusu. Nilimwona. Mwili wake uliinuka wenyewe, kisha akakumbuka, akajishusha, akajifanya anaweka kanga sawa. Nilipoitwa na wajukuu, nilitupa udongo konzi mbili.

Wakati watu wanakula, alikwenda kaburini peke yake. Nilimfuata kwa mbali. Alipiga magoti, akashindilia kwa kiganja mahali ambapo udongo ulikuwa umeachia, akasema kwa Kihaya, "Mama, sikukufukuza." Akalisema mara tatu au nne. Kisha akainuka akasema twende, mvua inakuja.

Baba alitukuta njiani. Alikuwa na mvi, na alitembea kwa kuinama kidogo mbele. Alichukua mfuko wetu bila kuuliza, akaubeba mpaka barabarani, na tukasimama watatu tukisubiri gari la Bukoba. Sidhani kama tulikuwa tumesimama watatu hivyo tangu Bilele. Aliniuliza masomo. Nikamjibu. Gari lilipotokea kwenye kona, alimpa mama mfuko kwa mikono miwili, akasema, "Asante kwa kuja."

Ndivyo anavyoambiwa mgeni. Nadhani hakuwa na neno jingine, maskini, na hata mimi nikimtafutia sasa silipati.

"Haya," mama akasema. "Poleni sana."

Tulikaa kiti cha nyuma. Alikuwa na udongo kwenye viganja na hakutaka kuufuta. Aliviacha vimefunguka juu ya mapaja. Gari lilipoiacha Izigo, akaanza kulia, na alilia kwa sauti, mdomo wazi, bila kujifunika, mpaka abiria wakageuka na dereva akapunguza redio.